Cherehani ya Bibi na Wanawake Kumi na Wawili wa Kilbowie

Kila msimu wa harusi hutufikia kisa kile kile. Bibi ameacha cherehani nyeusi yenye nakshi za dhahabu, mama anataka biharusi aondoke nayo, na biharusi mwenyewe anaona ni chuma cha kuuzwa kwa kilo. Tunaomba kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu, mfute vumbi kwanza na mtafute namba.

Kama ni Singer, namba imegongwa kwenye kitako cha chuma, upande wa kulia. Namba isiyo na herufi mbele yake ni ya kabla ya mwaka 1900. Ikianza na G, cherehani ilitoka Elizabethport, Marekani. Ikianza na F, J au Y, au na herufi mbili ambazo ya kwanza ni E, basi ilitoka Kilbowie, katika mji wa Clydebank, Uskochi. Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Isaac Singer alianzisha biashara yake Marekani mwaka 1851. Hakuwa wa kwanza. Elias Howe alikuwa na hataza ya cherehani tangu 1846, akamshitaki Singer na akashinda. Aliyeiingiza cherehani majumbani ni mshirika wa Singer, Edward Clark, ambaye kuanzia 1856 aliwaruhusu watu kuichukua na kulipa kidogo kidogo. Biashara ikakua hadi wakajenga kiwanda Kilbowie katika miaka ya 1880, na kufikia 1913 kilikuwa kikitoa cherehani zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Ndani ya kiwanda hicho wanawake walikuwa wengi. Wako waliokuwa na kazi ya kung'arisha mbao, yaani meza na makabati ya cherehani, mpaka zing'ae kama kioo. Mwezi Machi 1911 kundi moja la wang'arishaji lilipunguzwa kutoka watu 15 hadi 12. Kazi ikabaki ile ile, waliobaki waifanye yote, na malipo yao yakashuka. Wanawake wale 12 waliweka vitambaa vyao chini. Haikupita muda, wafanyakazi wapatao 11,000, wanaume kwa wanawake, wakawa nje pamoja nao. Tajiri naye alikuwa na hila zake: aliwatumia kadi za posta majumbani, kila mmoja aweke saini kama yuko tayari kurudi kazini. Ukiwa peke yako na kadi mkononi na watoto wanataka kula, si sawa na kusimama kwenye umati. Walio wengi walisaini, na tarehe 10 Aprili mgomo ukaisha. Baadaye mamia walifukuzwa, wa kwanza wao wakiwa waliosimama mbele.

Huku kwetu cherehani ilikaa kwenye baraza la fundi, na ikakaa chumbani kwa bibi. Bibi alipinda kanga za majirani, akashona nguo za Idi za mtaa mzima, na senti aliyoipata akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Ilikuwa haki yake, hakuna wa kumuuliza. Wala hakuhitaji kutoka nje ya mlango. Mwanamke wa Clydebank alifanya kazi kwa saa za tajiri. Wa kwetu alijipangia zake, ingawa macho yaliumia na kibatari.

Sasa tuirudie iliyo mbele yenu. Vuteni kibati cha chini upande wa kushoto. Mkikuta kidude kirefu chenye ncha, mfano wa ngalawa, hiyo huenda ni namba 27 au 28. 28 ni ndogo yake. Mkikuta bobini ya mviringo imesimama pembeni, huenda ni 15, umbo lile lile walilolifuata Butterfly za Shanghai ambazo hadi leo zimejaa kwa mafundi wetu.

Ikiwa imeganda, msilazimishe gurudumu. Tieni mafuta ya taa kidogo kwenye maungio tu, mbali na rangi, mlaze hadi kesho, kisha mzungushe polepole kwa mkono. Ikilegea, wekeni mafuta ya cherehani. Ya nazi hapana! Hugandamana ndani, na tumeshakwangua ya kutosha. Nakshi zisiguswe na spiriti, zitaondoka na rangi yake. Hewa ya bahari inaleta kutu, kwa hiyo ifunikwe kwa kitambaa kikavu, si nailoni inayofungia unyevu.

Uzi kwenye sindano uingie kutoka upande wenye mfereji mrefu. Ukijikunja chini ya nguo, msiilaumu bobini. Mara nyingi wa juu ndio umepitishwa vibaya. Na 28 hairudi nyuma, basi mkifika mwisho wa mshono mgeuze nguo.

Biharusi mmoja wetu aliianzia kwenye kipande cha kanga kuukuu ya bibi yake. Mshono wa kwanza ulikwenda upande, wa tatu ukanyooka. Sasa anapinda doti za sanduku lake mwenyewe, na mama yake ameleta zake mbili zipindwe bure.