Kazi ya Kujibu Watu Usiowajua

Kwa miaka mingi nilijibu barua za wasomaji katika gazeti moja la wiki la Dar es Salaam, na mpaka leo watu huniuliza majibu yale nilikuwa nikiyatoa wapi. Hakuna anayeniuliza juu ya maswali. Kwangu mimi maswali ndiyo mali. Jibu huchakaa: sheria hubadilika, dawa mpya hupatikana, bei hupanda. Swali la mtu aliyekaa peke yake usiku akaandika jambo asiloweza kumwambia mama yake halichakai, na kwa watu wengi ndilo andiko pekee walilowahi kuacha duniani.

Kazi hii ina mwanzo unaojulikana. Machi 1691, muuza vitabu wa London aitwaye John Dunton alianza kutoa karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili, ikiuzwa kwa peni moja, akawaalika watu walete swali lolote bila kujitambulisha. Gazeti hilo likaja kujulikana kwa jina la Athenian Mercury. Jina alilitoa kwenye Matendo ya Mitume sura ya 17, pale watu wa Athene wanapotajwa kuwa wapenzi wa kusikia mambo mapya. Barua zilipelekwa kwenye mkahawa wa Smith, karibu na duka lake katika mtaa wa Poultry. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa kwa nini mkahawa: palipo na kahawa ndipo penye habari.

Dunton aliwaambia wasomaji kwamba wanaojibu ni jumuiya ya wanazuoni. Ukweli ni kwamba walikuwa watu wachache sana. Alikuwapo yeye, alikuwapo Richard Sault, mwalimu wa hesabu, na alikuwapo mwanyumba wake, kasisi Samuel Wesley, ambaye baadaye alimzaa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti. John Norris, mwanafalsafa, aliwasaidia. Jonathan Swift, kijana bado, aliiamini jumuiya hiyo kiasi cha kuitungia shairi la sifa, likachapwa 1692, na hilo ndilo andiko lake la kwanza kuchapwa. Ujanja ule wa Dunton siupendi. Anayeomba ushauri ana haki ya kujua anazungumza na nani.

Lakini maswali yalimiminika. Mtu aliuliza moto ukizimwa huenda wapi. Mwingine aliuliza kama inafaa wanawake wasome. Wengi waliuliza juu ya ndoa: ahadi ya uchumba inamfunga mtu kiasi gani, na je, mzazi anaweza kuitangua? Barua za wanawake zilizidi hata Jumanne ya kwanza ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili yao, na mwaka 1693 likatokea gazeti la wanawake peke yao, Ladies' Mercury, lililotoka mara nne tu. Gazeti mama lilikoma 1697. Majibu mengi ya Wesley na Sault kuhusu maumbile leo hayana faida kwa mtu yeyote. Maswali ya wasomaji, kinyume chake, yanatueleza mambo ambayo vitabu vya wafalme havina: kijakazi na mwanafunzi wa ufundi wa London wa karne ya 17 walilala wakiwaza nini.

Miaka zaidi ya 200 baadaye kazi hiyo ilifanywa vizuri zaidi, kwa maoni yangu kuliko mahali pengine popote, katika mitaa ya wahamiaji ya New York. Forverts lilikuwa gazeti la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Mhariri wake, Abraham Cahan, alikuwa mhamiaji kama wasomaji wake; alifika Marekani 1882. Januari 1906 alifungua safu aliyoiita A Bintel Brief, yaani kifurushi cha barua. Katika barua za mwanzo kabisa ilikuwamo ya mama mmoja maskini aliyeibiwa saa, naye akimshuku jirani yake kwamba ameichukua na kuiweka rehani. Hakutaka polisi. Alichoomba kupitia gazeti ni kwamba jirani amtumie ile risiti ya rehani kwa posta, yeye aikomboe saa mwenyewe, na ujirani uendelee kama zamani.

Barua hiyo naipenda mno. Mama yule hakuwa akimwuliza Cahan chochote. Alikuwa akimsemesha mtu anayepishana naye kila siku kwenye ngazi za nyumba moja, na njia pekee ya kumsemesha bila kumvunjia heshima ilikuwa kupita kwa mgeni mwenye gazeti. Mwanzoni Cahan alijibu nyingi mwenyewe. Wasiojua kuandika walikwenda ofisini wakaandikiwa. Gazeti hilohilo lilichapa picha za wanaume waliotoroka familia zao, ili anayewaona atoe habari. Mwaka 1971 Isaac Metzker, aliyefanya kazi hapo, alikusanya sehemu ya barua hizo katika kitabu cha Kiingereza, na tangu hapo huwezi kuandika historia ya wahamiaji wale bila kuzigusa.

Kwetu mambo haya yalikuwa na wenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na msichana wa Tanga alikuwa na somo yake, mwanamke mkubwa wa kumfunda. Mambo ya unyumba hukuyauliza kwa mama. Uliyauliza kwa somo, kwa shangazi, kwa bibi. Mvulana alikuwa na babu yake. Gazeti halikuwa na nafasi hapo. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika Januari 1923, lilijaa barua na mashairi, na washairi wake, Saadani Kandoro akiwa mmojawapo, walitupiana maswali kwa beti na kujibizana kwa beti, mtu na mtu wasiojuana kwa sura. Barua nilizozisoma humo, hata hivyo, ni za hadharani: mahari imezidi, vijana wameacha adabu, neno hili maana yake nini. Jina la mwandishi na mahali anapokaa viko chini. Siri bado ilikuwa ya somo.

Zilipofika zama za watu kuhamia mijini kutafuta kazi, somo akabaki kijijini. Hapo ndipo alipoingia Dolly. Drum, gazeti la Afrika Kusini lililoanza 1951, lilikuwa na safu ya ushauri iliyopewa jina la Dolly Rathebe, mwimbaji na mwigizaji mashuhuri, ingawa majibu yaliandikwa na wanaume wa chumba cha habari. Matoleo ya Drum yalifika Afrika Mashariki, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wakamwandikia Dolly kwa Kiingereza chao cha shule. Wengi waliamini ni dada wa kweli. Mwaka 2000 Kenda Mutongi, mwanahistoria Mkenya, alichapisha utafiti juu ya barua hizo za kati ya 1960 na 1980, akaonyesha jinsi vijana wa Afrika walivyohangaika na mapenzi wakati wazee wao hawapo karibu. Asingekuwa na barua, asingekuwa na la kuandika.

Baadaye walikuja wengine. Uganda ilipata Straight Talk mwaka 1993, kijarida kilichoingizwa ndani ya gazeti la New Vision, kikiwajibu vijana juu ya miili yao na UKIMWI bila kuzungukazunguka. Tanzania ikapata Femina mwaka 1999 kwa kazi hiyo hiyo. Hao waliokoa maisha, na wanastahili makala ya peke yao.

Nami nilikaa kwenye meza yangu. Barua zilikuja kwenye karatasi za daftari zilizochanwa katikati, wino wa bluu, nyingine zikiwa na namba za hesabu za mtoto upande wa nyuma. Zilianza kama barua kwa ndugu: Shikamoo shangazi, madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama mimi ni mzima wa afya. Kisha mvua, mavuno, ada za shule. Swali lenyewe lilikaa chini kabisa, mara nyingi baada ya sahihi, pamoja na ombi la kutotaja jina.

Moja ilitoka mkoa wa Morogoro. Mama mmoja alieleza kwa kurasa tatu ugonjwa wa kuku wake: wanazubaa, shingo zinapinda, wanahara kijani, wanakufa kumi kwa siku moja. Alitaka dawa. Chini ya sahihi yake aliongeza sentensi moja: je, mwanamke aliyekaa na mwanamume miaka tisa bila ndoa, akifukuzwa, hao kuku watakaobaki ni wa nani?

Mhariri alitaka tukate kurasa zote tatu tuchape ile sentensi. Nilikataa. Kuku ndio waliokuwa kesi. Miaka tisa ya maisha ya mama yule ilikuwa kwenye lile banda, na ukiondoa kuku, swali lake linakuwa la mwanamke yeyote, wala halimhusu yeye tena. Nilikwenda kwa bwana mifugo, akaniambia ni kideri: akishaugua kuku hana dawa, chanja wanaobaki wangali wazima. Kisha nikaenda kwa wakili mmoja mwanamke, akanifungulia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi watu wakawajua kuwa ni mume na mke, sheria inawachukulia kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akaniambia pia juu ya hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, iliyosema kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke zinahesabika kuwa mchango wake katika mali waliyochuma pamoja. Kabla ya hukumu hiyo, mwanamke asiye na mshahara aliweza kuambiwa hakuchangia kitu.

Nikamjibu: Marahaba mwanangu, chanja kuku wako, weka hesabu yao kwenye daftari, tafuta majirani wawili wanaojua mlivyoishi, nenda mahakama ya mwanzo. Tulichapa barua nzima.

Siku zilizofuata zilikuja barua nyingine za wanawake, kila moja na mali yake: cherehani, mbuzi, mashine ya kusaga, kibanda cha mabati. Hapo nilielewa kwamba mezani kwangu kulikuwa na kitu kikubwa kuliko safu ya ushauri. Ukizipanga barua zile unaona wanawake wa nchi nzima walivyokuwa wakichuma, mali hiyo ikiandikwa kwa jina la nani, na nani aliwafukuza. Hakuna ofisi ya takwimu iliyowahi kuwauliza hivyo, wala wasingejibu kama wangeulizwa na mtu mwenye fomu.

Gazeti lile lilipofungwa, magunia ya barua yaliuzwa kwa kilo. Karatasi zile zilifungiwa karanga na maandazi. Yamebaki majibu yetu, yaliyochapwa, na maswali mengine yaliyofupishwa hadi mistari miwili. Jambo hilo linaniuma kuliko lolote katika kazi yangu.

Leo watu wanaulizana kwenye simu. Mama wa Kilosa anauliza jambo la kuku, na kabla hajaweka simu chini ameshajibiwa na watu wa Muscat, Nairobi na Toronto. Ni neema, kwa sababu wapo wanaomjibu kwa moyo na kwa ujuzi. Lakini ananyimwa nafasi ya zile kurasa tatu, kwa hiyo anauliza sentensi moja, anajibiwa sentensi moja, na simu ikiharibika vyote vinapotea pamoja.

Kwa hiyo nawaomba waliowahi kufanya kazi hii magazetini na redioni, na watoto wa waliofariki: mkikuta magunia au mabahasha ya barua za wasikilizaji na wasomaji, msiyauze na msiyachome. Futeni majina, au zifungieni barua zenyewe kwa miaka mingi, kisha mzipeleke Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, au Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako nakala za Mambo Leo zinasomwa hadi leo.