Pedi za michezo ya video ya zamani

*Makala hii inahusu kifaa cha kuchezea michezo ya video. Kwa maana nyingine tazama Pedi (maana).*

Pedi ya michezo ya video (pia: pedi ya gemu, au pedi tu) ni kifaa kinachoshikwa kwa mikono ili kuongoza mchezo unaoonekana kwenye skrini. Kwa wanaocheza michezo ya zamani, yaani ile iliyotungwa kwa ajili ya konsoli ambazo hazitengenezwi tena, pedi ziko za aina mbili. Pedi asilia ni ile iliyotolewa na kampuni pamoja na konsoli yenyewe. Pedi ya kisasa ni ile iliyobuniwa baadaye ili itumike badala ya asilia, mara nyingi bila waya.

Uchaguzi kati ya hizo mbili hutegemea hasa mambo manne: vitufe ambavyo mchezo unavihitaji, muda ambao ishara inachelewa kufika, uwezekano wa kutengeneza kifaa kikiharibika, na bei. Pedi asilia zilizobaki duniani haziongezeki tena. Kila moja inayotupwa hupunguza idadi ya watu wanaoweza kucheza michezo hiyo jinsi ilivyokusudiwa.

## Historia

Konsoli ya Atari 2600, iliyotoka Marekani mwaka 1977, iliongozwa kwa fimbo na kitufe kimoja. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi wa kampuni ya Nintendo ya Japani aliweka kitufe chenye umbo la msalaba kwenye mchezo wa mkononi wa Donkey Kong. Msalaba huo uliingizwa katika pedi za konsoli ya Famicom mwaka 1983, na tangu hapo umeonekana katika karibu kila pedi. Pedi za Famicom zilifungwa moja kwa moja kwenye konsoli bila plagi, hivyo waya ukikatika ilibidi konsoli yenyewe ifunguliwe.

Super Famicom ya mwaka 1990 ilileta vitufe vinne upande wa kulia na viwili juu ya pedi, mahali pa vidole vya shahada. Nintendo 64 ya mwaka 1996 iliongeza kijiti cha analogi, kinachopima si mwelekeo tu bali pia kiasi cha kusukumwa. Sony, iliyotoa PlayStation nchini Japani mwaka 1994, ilitoa mwaka 1997 pedi ya DualShock yenye vijiti viwili na mota za kutetemesha. PlayStation 2 ilifuata mwaka 2000 ikiwa na DualShock 2.

### Afrika ya Mashariki

Televisheni ilianza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi mwaka 1994. Katika miaka ya 1980, wakati Atari na Nintendo zilipokuwa zikiuzwa kwa wingi Marekani na Japani, nyumba zenye televisheni upande wa Bara zilikuwa chache sana. Kwa sababu hiyo, Watanzania wengi wanaposema gemu za zamani humaanisha zile za PlayStation na PlayStation 2, hasa za mpira wa miguu.

PlayStation 2 iliuza zaidi ya nakala milioni 155 duniani, na utengenezaji wake ulikoma mwanzoni mwa mwaka 2013. Mwaka huohuo mchezo wa FIFA 14 bado ulitolewa kwa ajili yake. Konsoli hizo ziliingia katika vibanda vya gemu mitaani, ambako wateja hulipa kwa mechi au kwa muda. Katika kibanda cha namna hiyo pedi ndiyo huchakaa kwanza, kwa kuwa konsoli hukaa mezani huku pedi ikipita mikono mingi kila siku.

## Pedi asilia

Faida kubwa ya pedi asilia ni kwamba mchezo ulitungwa kwa kuifuata. Vitufe vikuu vya DualShock 2 hupima nguvu ya kidole. Katika Gran Turismo 3 gari huongeza mwendo polepole au kwa kasi kulingana na jinsi kitufe cha X kinavyobonyezwa. Katika Metal Gear Solid 2 mchezaji aliyenyanyua bunduki anaweza kuishusha bila kufyatua, kwa kuachia kitufe taratibu. Kipimo hicho hakipo katika DualShock 4 ya mwaka 2013 wala katika pedi nyingi za kisasa. Anayetumia pedi hizo hupata kubonyeza au kutobonyeza tu, bila kiasi cha katikati.

Udhaifu wa pedi asilia ni umri. Ndani ya DualShock 2 mna karatasi laini ya plastiki yenye njia za umeme, inayokandamizwa kwenye bodi kwa kipande cha sponji. Sponji ikibonyea, mgusano hulegea na vitufe kadhaa huacha kufanya kazi kwa pamoja au hujibonyeza vyenyewe. Katika pedi ya Nintendo 64, sehemu za plastiki zilizo chini ya kijiti husagika na kuacha unga mweupe, na kijiti hulegea. Waya nao hukatika mara nyingi pale unapoingia kwenye pedi.

Hata hivyo, kasoro nyingi kati ya hizo hutengenezeka. Pedi asilia hufungwa kwa skrubu na si gundi, haina betri, na fundi wa redio mwenye kifaa cha kulehemu anaweza kubadilisha waya wake.

## Pedi za kisasa

Pedi za kisasa za michezo ya zamani hutengenezwa na kampuni kama 8BitDo ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2013. Baadhi hufuata umbo la pedi asilia. Kwa mfano, 8BitDo M30 ina mpangilio wa vitufe sita kama wa pedi ya Sega Mega Drive. Nyingine zina umbo la pedi za leo na hutumika kwa konsoli nyingi, simu na kompyuta zenye emuleta, yaani programu inayoigiza konsoli ya zamani.

Faida zake ni kupatikana zikiwa mpya, kutokuwa na waya, na kuwa na vijiti vya aina bora zaidi. Vijiti vingi vya kawaida hupima mkao kwa ncha ya chuma inayokwaruza utando wa kaboni. Utando ukilika, mchezaji kwenye skrini hutembea bila kijiti kuguswa. Pedi kadhaa mpya hutumia sumaku na kihisio cha Hall, ambamo hakuna sehemu mbili zinazokwaruzana. Njia hiyo si ngeni: Sega iliitumia katika pedi ya Dreamcast mwaka 1998.

Udhaifu wake ni betri, ambayo hupungua uwezo hata isipotumika sana, na upesi zaidi kwenye joto. Pedi ya kisasa ambayo betri yake haibadilishiki inaweza kufa mapema kuliko pedi ya waya iliyotengenezwa miaka ishirini kabla yake.

## Kuchelewa kwa ishara

Kuchelewa ni muda unaopita tangu kitufe kibonyezwe hadi tendo lionekane kwenye skrini. Mfumo wa televisheni wa PAL huonyesha picha 50 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde 20. Ule wa Marekani na Japani, NTSC, huonyesha takriban 60, yaani moja kila milisekunde 16.7. Michezo mingi ya zamani husoma pedi mara moja kwa kila picha. Ishara iliyochelewa kidogo tu inaweza kuikosa picha yake na kusubiri inayofuata.

Pedi asilia ya waya huchelewa kidogo mno. Pedi ya USB inayosomwa mara 125 kwa sekunde husubiri hadi milisekunde 8. Ikisomwa mara 1,000, hadi milisekunde 1. Pedi za Bluetooth hutofautiana kati ya aina na aina.

Lakini mara nyingi chanzo kikubwa cha kuchelewa ni televisheni na si pedi. Televisheni ya chogo huonyesha picha karibu papo hapo, ilhali televisheni bapa huichakata kwanza. Bunduki ya Nintendo iitwayo Zapper, inayotumika katika mchezo wa Duck Hunt, hutegemea mwanga wa televisheni ya chogo na haifanyi kazi kwenye televisheni bapa. Kwa hiyo pedi asilia peke yake haitoshi kurudisha mchezo wa zamani ulivyokuwa. Kama televisheni bapa ina mpangilio wa michezo, kuuwasha hupunguza kuchelewa kabla ya kulaumu pedi.

## Adapta na plagi

Adapta huwezesha pedi asilia kutumika kwenye kompyuta, au pedi ya kisasa kutumika kwenye konsoli ya zamani. Adapta za USB za pedi za PlayStation ni za kawaida, ingawa si zote zinazopitisha kipimo cha nguvu ya kidole. BlueRetro ni programu huria inayowezesha pedi za Bluetooth kutumika kwenye konsoli nyingi za zamani.

Plagi kufanana hakumaanishi kwamba vifaa vinapatana. Plagi yenye matundu tisa ilitumiwa na Atari, Sega Mega Drive na konsoli nyingi zilizoiga Famicom, lakini mpangilio wa nyaya haukuwa mmoja, na kuchomeka pedi isiyohusika kunaweza kuharibu kifaa. Hata pedi ya kampuni ileile huweza kuleta tatizo. Pedi ya vitufe sita ya Mega Drive, iliyotoka mwaka 1993, huvuruga baadhi ya michezo iliyoitangulia, na kwa michezo hiyo kitufe cha Mode hushikiliwa wakati wa kuwasha ili pedi ifanye kazi kama ya vitufe vitatu.

## Pedi bandia

Pedi nyingi zinazouzwa kama asilia za PlayStation 2 ni za kuigwa. Nembo haitoshi kuzitofautisha kwa kuwa nayo huigwa. Dalili zinazosaidia zaidi ni hizi:

* Uzito: asilia ina mota mbili za ukubwa tofauti, bandia huweza kuwa nyepesi kwa kukosa moja au zote.
* Vitufe: katika mchezo wa magari kama Gran Turismo 3, X ikiguswa kidogo na gari likaondoka kwa kasi yote, vitufe havipimi nguvu ya kidole.
* Vijiti: vikiachiwa hurudi katikati bila kulegea wala kukwama.

Bandia inaweza kutosha kwa mchezo wa mpira wa miguu usiotegemea nguvu ya kidole. Hasara iko kwa mnunuzi anayelipa bei ya asilia.

## Katika pwani ya Lindi

Mazingira ya pwani huongeza jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa nchi za baridi hailizingatii. Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Lindi mjini, yenye kata kama Mtanda na Rahaleo, ziko kando ya Bahari ya Hindi. Hewa yake ina joto, unyevu na chumvi. Chumvi ikichanganyika na unyevu hulisha kutu kwenye skrubu, springi, plagi na miguu ya vifaa vilivyolehemiwa, na joto hufupisha maisha ya betri.

Umbali pia una uzito. Lindi iko takriban kilomita 450 kusini mwa Dar es Salaam, ambako soko la Kariakoo ndilo kitovu cha biashara ya vifaa vya umeme. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa haja ya kuvuka kwa kivuko. Barabara hiyo bado huweza kukatika, kama ilivyotokea wilayani Kilwa mwezi Mei 2024 kutokana na mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya.

Katika hali hiyo, pedi inayoweza kufunguliwa na fundi wa karibu ina thamani kuliko ile inayohitaji kipuri maalumu kutoka mbali, iwe ya zamani au mpya. Pedi ya waya hustahimili joto kwa kukosa betri, na kijiti cha sumaku hakina utando wa kaboni wa kulika. Pedi ya kisasa yenye waya na vijiti vya Hall huunganisha faida zote mbili, ila kwa michezo inayopima nguvu ya kidole asilia hubaki bila mbadala kamili.

## Matunzo

* Pedi hufutwa kwa kitambaa kikavu baada ya kutumika, kwa kuwa jasho nalo lina chumvi.
* Migusano ya ndani husafishwa kwa pamba yenye spiriti na huachwa ikauke. Kaboni haisuguliwi kwa msasa, kwa sababu ikiondoka kitufe hufa.
* Sponji ya DualShock 2 iliyobonyea huongezewa kipande chembamba cha utepe au karatasi nyuma yake ili mgusano ukaze tena.
* Waya hukunjwa kwa duara pana. Kuuzungushia pedi kwa kubana huukata shingoni.
* Pedi yenye betri huhifadhiwa ikiwa na chaji takriban nusu, mbali na jua.
* Pedi isiyotumika huwekwa kwenye chombo kinachofungwa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.
* Pedi iliyokufa haitupwi mara moja: vitufe, mota, waya na skrubu zake huweza kuponya nyingine.

## Tazama pia

* Mchezo wa video
* PlayStation 2
* Nintendo
* Televisheni
* Mkoa wa Lindi
* Mtanda