Annie M. G. Schmidt na Uhuru wa Mtoto katika Fasihi ya Uholanzi

Kila taifa lina waandishi linaowaheshimu, na lina wachache linaowapenda. Heshima hutolewa na vyuo. Mapenzi hutolewa na mama amsomeaye mwanawe kabla ya usingizi. Ni nadra vitu viwili hivi kukutana kwa mtu mmoja, na ni nadra zaidi kukutana kwa mtu aliyewaandikia watoto. Walakini, mwaka 2006, kamati ya wataalamu wa Uholanzi ilipoteua mambo 50 ya historia ambayo kila mwanafunzi wa nchi ile alipaswa kuyajua, jina la Annie M. G. Schmidt liliwekwa katika orodha moja na Rembrandt, Spinoza na Anne Frank. Yafaa basi tuulize: mtunzi wa vijihadithi na vijishairi alistahili kwa kazi gani kuhesabiwa katika historia ya taifa?

Ili tupate jibu, hatuna budi kurudi nyuma. Mwaka 1778 mshairi Hieronymus van Alphen alitoa mashairi madogo kwa ajili ya watoto wa Uholanzi, na mashairi hayo yalitawala vyumba vya watoto kwa muda mrefu. Linalojulikana zaidi ni lile la mvulana atamaniye matunda ya mti wa baba yake. Baba amekataza, mtoto ashinda tamaa yake, baba, aliyekuwa akimsikia, amlipa kwa matunda mengi. Hapo ndipo ulipo msingi wa fasihi ya zamani ya watoto: mkubwa hujua, mdogo hutii, na utii una malipo. Sisi tulioambiwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu hatuwezi kuona ajabu mafundisho hayo.

Annie Schmidt alizaliwa tarehe 20 Mei, 1911, katika kijiji cha Kapelle, jimbo la Zeeland, kusini magharibi mwa Uholanzi. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti. Nyumba ya mchungaji ilitazamwa na kijiji kizima, na hapana shaka binti aliyelelewa ndani yake alijua mapema tofauti baina ya yanayosemwa mbele ya watu na yanayofikiriwa moyoni. Alipokua alishika kazi ya ukutubi. Aliwahudumia watoto katika maktaba ya Amsterdam, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mkuu wa maktaba ya Vlissingen, mji wa bandari ulioumizwa sana na mabomu mpaka ulipokombolewa mwezi wa Novemba, 1944. Kwa miaka mingi, basi, kabla ya kuwaandikia watoto, aliwatazama wakichagua vitabu. Aliona walichokipokea kwa adabu na walichokikumbatia kwa furaha. Shule hiyo ilimfaa kuliko nyingine yoyote.

Mwaka 1946 alijiunga na gazeti la Het Parool mjini Amsterdam. Gazeti hili lilikuwa limeanza kwa siri wakati Uholanzi ilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, na baadhi ya watu wake walilipa kwa roho zao. Jambo hili si dogo. Watu wa gazeti lile walikuwa wameishi miaka mitano ambamo kutii amri kungeweza kuwa aibu, na kukataa kungeweza kuwa wema. Hatusemi kuwa mashairi ya watoto yalitungwa kuwa hoja ya siasa. Twasema tu kwamba katika chumba kile cha habari mtoto asiyetii hakuweza kuonekana mwovu kwa sababu hiyo peke yake.

Katika gazeti hilo, kuanzia mwaka 1952 hadi 1957, zilitoka hadithi fupi za Jip na Janneke, watoto wawili majirani. Siku ya kwanza Jip amwona Janneke katika tundu la ugo, ajaribu kupenya, akwama. Hayo tu. Hakuna jini, hakuna mfalme, hakuna onyo mwishoni. Mchoraji Fiep Westendorp aliwachora kama vivuli vyeusi, na vivuli hivyo vikawa sura zinazojulikana kuliko nyingi katika nchi ile. Uzito wa hadithi hizi umo katika udogo wake: kugombana na kupatana, kuogopa na kujisifu, ndiyo mambo makubwa ya maisha kwa mwenye umri wa miaka mitano, na mwandishi huyu hakuyacheka.

Wako waliodhani kuwa alibadili tu sheria, akamsifu mtundu badala ya mtiifu. Dhana hiyo haitoshi. Tulitazame shairi lake la buibui aitwaye Sebastiaan. Buibui huyu asikia ndani ya nafsi yake lazima ya kusuka utando ndani ya nyumba ya watu. Wenzake wamwonya, yeye aenda, na mwisho wake ni kufagiliwa. Mkuu hakusikiwa, na guu limevunjika kweli. Hata hivyo msomaji hamcheki Sebastiaan, wala haambiwi kuwa amepata stahili yake. Aachwa na huzuni, na swali: je, aliyezaliwa kusuka angeweza kuacha? Van Alphen angetoa fundisho. Schmidt alimwachia mtoto hukumu. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe baina yao.

Katika vitabu vyake vya baadaye swali hili lapanuka mpaka mjini. Katika Minoes, cha mwaka 1970, paka aliyegeuka mwanamke ampa mwandishi wa gazeti mwenye haya habari zikusanywazo na paka juu ya mapaa, na kwa habari hizo wafichua uovu wa tajiri asifiwaye na mji mzima. Katika Pluk van de Petteflet, cha mwaka 1971, mvulana mwenye gari dogo jekundu aiokoa bustani ambayo wakubwa wataka kuitandika mawe kwa ajili ya usafi. Wanyonge hawa hawashindi kwa nguvu. Washinda kwa sababu wanaona yale ambayo wenye cheo wameacha kuyaona.

Lawama moja yapasa kujibiwa. Waholanzi huita lugha iliyorahisishwa sana, hasa ya wanasiasa, lugha ya Jip na Janneke, na mara nyingine husema hivyo kwa dharau. Lakini wepesi ni wa namna mbili. Uko wepesi wa asiye na la kusema, na uko wepesi wa aliyepalilia shamba lake mpaka likabaki na mazao tu. Mtu yule yule aliandika mchezo wa redio uliosikilizwa na taifa tangu mwaka 1952 hadi 1958, na mwaka 1965 akatunga mchezo wa jukwaani wenye nyimbo uhesabiwao kuwa wa kwanza wa asili ya Kiholanzi. Huyo hakukosa maneno; aliyachagua.

Mwaka 1987 alipewa tuzo ya Constantijn Huygens, itolewayo kwa fasihi yote bila kutenga ya watoto, na mwaka 1988 akapokea tuzo ya kimataifa ya Hans Christian Andersen kutoka mkononi mwa Astrid Lindgren wa Sweden. Alifariki Amsterdam tarehe 21 Mei, 1995, siku moja baada ya kutimiza miaka 84.

Samaki mkunje angali mbichi, husema wahenga, na waandishi wengi wa watoto wameshika kazi yao kwa methali hiyo. Annie Schmidt alikataa kumkunja mtoto. Alimpa lugha safi, akamwonyesha dunia ilivyo, kisha akamwamini. Taifa lililomweka katika historia yake lilimlipa kwa imani hiyo, nasi tutakaowaandikia watoto kwa lugha yoyote tutapimwa kwayo.