Siku Zinazohitajika Kufika Kibo

Mtaa wa Kiriri umejengwa kwenye mteremko ulio juu ya katikati ya jiji la Bujumbura, na mtu akisimama karibu na majengo ya Chuo Kikuu cha Burundi huliona Ziwa Tanganyika chini yake, na milima ya Kongo ng'ambo. Ni rahisi mkazi wa hapo kujihesabu kuwa mtu wa mlimani, lakini vipimo havikubali. Uso wa ziwa uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na Kiriri imeinuka kidogo tu kuliko hapo. Barabara ya Bugarama hupanda hadi zaidi ya mita 2,000, na masikio ya abiria huziba, lakini watu hufika salama na kuendelea na shughuli zao. Hata Heha, mlima mrefu kuliko yote nchini Burundi, haufiki mita 2,700. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kwenye mita 2,500 hivi, hasa kwa anayelala huko. Kwa hiyo mtu wa Kiriri anayekwenda kupanda Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, anaupeleka mwili wake mahali ambapo haujawahi kufika.

Tuanze na chanzo. Fungu la oksijeni katika hewa ni lile lile kila mahali, asilimia 21 hivi, iwe ufukweni Pangani au kileleni Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, kwa kuwa kadiri tunavyopanda ndivyo hewa iliyobaki juu yetu inavyopungua. Kileleni Kibo kanieneo ni karibu nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi huingiza karibu nusu ya oksijeni tuliyoizoea. Mwili hujibu kwa hatua. Ndani ya saa chache mtu hupumua kwa kasi zaidi. Figo huhitaji siku kadhaa kurekebisha kemia ya damu inayovurugwa na kupumua huko. Na ongezeko la seli nyekundu za damu huchukua wiki. Anayepanda haraka kuliko hatua hizo huumwa kichwa, hupata kichefuchefu na hukosa usingizi. Kwa wachache ubongo huvimba au mapafu hujaa maji, na hapo maisha yenyewe yamo hatarini.

Watu wa Kilimanjaro waliyafahamu madhara haya kabla ya mgeni yeyote kuyaandika. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, alisimuliwa habari za watu waliotumwa juu na mtawala Rengua wa Machame; wengi hawakurudi, na aliyerudi alikuwa na mikono na miguu iliyoharibika. Wenyeji waliwataja pepo wa mlima, naye Rebmann akataja baridi. Maelezo ya baridi yanatosha kwa vidole vilivyokufa, lakini hayatoshi kwa mtu anayepoteza fahamu akiwa amevaa vizuri. Katika jambo hilo la pili wenyeji walikuwa wameona sawasawa kwamba kuna kitu kisichoonekana kinachomshika mtu huko juu, ingawa hawakuwa na njia ya kukipima.

Wageni waliofuata walirudi nyuma mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walifika kiasi cha mita 4,200. Charles New aligusa theluji mwaka 1871. Hans Meyer wa Leipzig alijaribu mwaka 1887. Mwenzake aliishiwa nguvu njiani, na yeye mwenyewe akazuiwa na ukuta wa barafu.

Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, Meyer alikuwa amebadilisha mpango. Wasimuliaji wengi husifu shoka lake la barafu. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa chakula. Aliweka kambi kwenye mita 4,300 hivi, akabaki huko na Purtscheller na Mwini Amani wa Pangani, huku wapagazi wakipanda na kushuka kati ya kambi na Marangu, chini ya mlima, kuleta vyakula. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika kwenye ukingo wa kreta, wakaona kwamba kilele bado kiko mbali, wakarudi wakiwa hoi. Wangekuwa na posho ya siku chache tu, safari ingeishia hapo. Badala yake walipumzika, wakalala pangoni, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Siku walizokaa kambini zilikuwa zimeyapa mapafu na figo zao muda uliohitajika, na siku hizo zilibebwa vichwani na wapagazi.

Sayansi nayo ilikuwa na mabishano yake. Mfaransa Paul Bert alikuwa ameonyesha mwaka 1878 kwamba kinachomdhuru mtu wa juu ni upungufu wa oksijeni. Miaka 3 kabla ya hapo wenzake wawili, Crocé-Spinelli na Sivel, walikuwa wamekufa ndani ya puto lililopanda zaidi ya mita 8,000. Mwitalia Angelo Mosso hakuridhika: alidai kwamba kupumua kwa kasi huifukuza kaboni dayoksaidi kutoka katika damu, na kwamba huko ndiko kuumwa kwenyewe. Bert ndiye aliyeshinda, ingawa Mosso hakuwa amepotea kabisa, kwani upotevu huo wa kaboni dayoksaidi ndio unaozipa figo kazi. Dawa ya asetazolamaidi, ambayo wapandaji wengi humeza leo, hufanya kazi kwenye jambo hilo hilo: huzisaidia figo kumaliza marekebisho yao mapema.

Baada ya Tanganyika kupata uhuru na hifadhi ya taifa kuanzishwa mwaka 1973, mlima ukawa biashara, na siku zikaanza kupunguzwa. Njia ya Marangu hulaza watu katika vibanda vya Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, 3,720, kisha Kibo, 4,700. Madaktari wa milima hushauri kwamba, ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya malazi ya usiku mmoja na mwingine. Ratiba hiyo huongeza karibu mara mbili yake. Sababu si ujinga wa waongozaji, maana wao ndio wanaoimba "pole pole" tangu getini; sababu ni kwamba ada hutozwa kwa siku, na mgeni huchagua safari fupi.

Anayetoka Kiriri kupitia mpaka wa Kobero atafika Moshi, mji ulio karibu na kimo kile kile cha kwao, kwa hiyo safari ndefu ya basi haitakuwa imemzoesha chochote. Alipie usiku wa pili Horombo kabla ya kununua koti la bei. Mwenye selimundu asipande, na hata aliyerithi nusu yake amwone daktari kwanza, kwa kuwa wengu wake unaweza kudhurika. Akiwa juu, kichwa kinachouma kidogo ni ishara ya kubaki alipo. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa ameketi ni ishara ya kushuka mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Mara nyingi mita 300 hadi 1,000 za kushuka huleta nafuu, na kutoka vibanda vya Kibo hadi Horombo ni tofauti ya mita 1,000 hivi.