Chumvi ya Uvinza na rovu la bara

Msafara uliotoka Ujiji kurudi Unyanyembe, nchi ya Tabora, haukubeba pembe za ndovu peke yake. Kabla ya kukifikia kivuko cha Malagarasi njia ilipita Uvinza, na hapo mpagazi wa Kinyamwezi aliyebakiwa na ushanga wa kutumia alijinunulia chumvi. Pembe ilikuwa mali ya tajiri, ikielekea Tabora, kisha Bagamoyo, kisha Zanzibar. Chumvi ilikuwa mali ya nyumbani.

Biashara hiyo ilikuwa kongwe kuliko msafara wowote wa pwani. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za Uvinza, karibu na mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Walikuta mabaki ya vyungu na mafiga, tabaka juu ya tabaka, na ya chini kabisa yalionekana kuwa ya karne ya 5 au ya 6. Wakati huo Kilwa ya masultani bado haijazaliwa. Watu wa bara walikuwa wakipika chumvi yao bila kumsubiri mtu wa pwani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Masika mto hufurika ukazimeza chemchemi, maji matamu yakachanganyika na ya chumvi, na hakuna anayetaka kuchoma mzigo mzima wa kuni kwa maji yaliyozimuliwa. Mto ukishashuka, watu walihamia hapo na vyungu vyao, Wavinza wenyewe na majirani kutoka mbali, wakajenga vibanda vya muda. Maji, makali kupita ya bahari, yalichotwa visimani na kutiwa chunguni juu ya mafiga. Yalichemka hadi yakawa uji, uji ukakauka, chini kikabaki kitu cheupe chenye unyevunyevu. Kilikwanguliwa, kikashindiliwa, kikafungwa mizigo. Mtemi alikuwa na fungu lake katika kila mzigo, kama alivyokuwa na hongo yake kwa kila msafara uliovuka mto.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipita hapo mwanzoni mwa 1858. Burton, ambaye kwa kawaida alikuwa mchache wa sifa kwa chochote alichokiona barani, aliisifu chumvi hii na kueleza kwamba inafika hadi nchi za kando ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyanza. Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, naye aliielewa thamani yake: alipotanua himaya yake kuelekea magharibi katika miaka ya 1870, Uvinza ilikuwa moja ya nchi alizozitaka. Mapema karne ya 20 Wajerumani wakajenga kiwanda pale pale, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ikachukua kazi ya mabega.

Lakini kuna mzigo mwingine watu wa bara walioubeba, nao ulikaa shingoni.

Kiswahili kinauita rovu: uvimbe wa tezi la shingo, unaoanza kama kifundo kidogo chini ya koo na unaoweza kukua ukaizidi ngumi ya mtu. Umewaandama watu wa nyanda za juu, kuanzia Kigoma na Rukwa hadi Mbeya na Iringa. Mahali unapokuwa jambo la kila nyumba, watu huuzoea. Hauumi, basi unahesabiwa kuwa sehemu ya sura ya mtu, kama mwanya.

Tezi hilo lina kazi moja kubwa, kutengeneza homoni. Neno lenyewe si la zamani: Ernest Starling alilitumia London mwaka 1905 kuvipa jina vichocheo ambavyo kiungo kimoja huvimwaga katika damu ili kukiamuru kiungo kingine kilicho mbali. Siku ya Krismasi ya 1914, miezi michache baada ya reli kufika Kigoma, Edward Kendall huko Marekani alifanikiwa kuitenga homoni ya tezi la shingo, thairoksini, ikiwa chembechembe safi. Baadaye, ili apate gramu 33 tu, alitumia karibu tani tatu za tezi za nguruwe. Homoni hii ndiyo inayopanga mwendo wa mwili: moyo upige kwa kasi gani, joto lizalishwe kiasi gani, mtoto akue vipi.

Kila molekyuli ya thairoksini inahitaji atomu nne za iodini, ile ambayo Watanzania wanaiita madini joto. Iodini imejaa baharini na kwenye mwani. Kwenye miinuko, mvua za karne nyingi zimeiosha udongoni, na kinachoota hapo huota bila iodini ya kutosha. Ubongo ukiona homoni imepungua katika damu, hutuma homoni nyingine kulihimiza tezi. Tezi hujitanua likijaribu kunasa kila chembe inayopita. Rovu, kwa hiyo, ni tezi linalofanya kazi kupita kiasi kwa malighafi haba.

Na malighafi yenyewe ni ndogo ajabu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Ukijumlisha miaka 70 hupati hata gramu 4, kiasi cha kutoshea kijiko cha chai. Kwa kukosa kijiko hicho, hasara kubwa hata haionekani shingoni. Mimba ikiwa changa, ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa na ulemavu wa akili, au asisikie na asiseme.

Muhogo nao umo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu huko Kongo, watafiti wa Kibelgiji miaka ya 1960 walikuta zaidi ya nusu ya watu wa kaskazini wana rovu, ilhali kusini-magharibi ni wachache, ingawa pande zote mbili zilikuwa na uhaba ule ule wa iodini. Sehemu ya jibu ilikuwa chakula. Muhogo usioloweshwa na kukaushwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia iodini kuingia kwenye tezi. Kwa walaji wa ugali wa muhogo wa Kigoma na Tabora, hiyo si habari ya ng'ambo.

Je, chumvi ya karne zote hizo haikusaidia? Chumvi ni sodiamu na klorini. Madini joto hayamo kwa sababu tu inaitwa chumvi, na hata ile ya bahari ikikaushwa juani hubakiwa na kiasi kidogo mno. Uswisi ilianza kuitia iodini mwaka 1922. Tanzania ilianza na vidonge vya mafuta yenye iodini, vilivyogawiwa kuanzia 1986 katika wilaya zilizoathirika zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 kanuni zikawataka wazalishaji watie madini joto katika chumvi ya kula. Njia ilikuwa tayari: hakuna kijiji, hata kile kisicho na zahanati, ambacho chumvi haifiki.

Upimaji ulifanyika shuleni. Mwanafunzi anasimama, mpimaji anaweka vidole gumba viwili pande zote za koo lake na kumwambia ameze. Katika miaka ya 1980 karibu robo ya watoto waliopimwa nchini walikuwa na tezi lililovimba. Mwaka 2004 ilikuwa asilimia 7 hivi, na zaidi ya nyumba nane katika kila kumi zilikuwa na chumvi yenye madini joto.

Nyumba zilizobaki mara nyingi hununua chumvi ya kupima, inayochotwa kwa kikombe kutoka gunia lililoachwa wazi juani. Ni nafuu, na kwa ulimi haina tofauti. Anayetaka kujua hudondosha tone la dawa ya kupimia juu ya chumvi kidogo kiganjani: yenye madini joto hugeuka samawati, isiyokuwa nayo hubaki nyeupe vile vile.