Wilaya ni ya Nani? Historia Fupi ya Utawala wa Mikoa na Wilaya Tanzania Bara

Mara nyingi suala la wilaya huzungumzwa kama suala la ramani: mpaka upite wapi, makao makuu yawe wapi, jina liwe lipi. Maswali hayo yana uzito wake, lakini si ya msingi. Swali la msingi ni la madaraka. Katika wilaya, nani anaamua? Nani anashika fedha? Na anayeamua anawajibika kwa nani? Tukiichambua historia ya nchi yetu kwa maswali hayo matatu, tutaona kwamba kila mfumo wa utawala uliowekwa Tanzania Bara uliyajibu kwa namna yake, na kwamba mabadiliko ya ramani hayakuwa kila mara mabadiliko ya madaraka.

Boma na Kodi

Utawala wa Wajerumani uliigawa nchi kwa shabaha mbili: kutuliza upinzani na kukusanya mali. Kila wilaya ilikuwa na boma, na hata leo katika sehemu nyingi watu husema wanakwenda bomani wakiwa na maana ya kwenda kwenye ofisi za serikali. Chini ya mkuu wa boma walikuwapo maliwali, maakida na majumbe. Hawa hawakuchaguliwa na wananchi. Kazi yao ilikuwa kutoza kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 na kuwapeleka watu katika kazi za shuruti. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilipoanza, maakida walikuwa miongoni mwa walengwa wa kwanza wa hasira ya wakulima. Hata Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Iringa na Mahenge zilikuwa bado chini ya maafisa wa jeshi. Wilaya katika zama hizo ilikuwa mali ya boma.

Waingereza walibadili njia, si shabaha. Gavana Donald Cameron alileta utawala usio wa moja kwa moja, na mwaka 1926 ikatungwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Nchi iligawanywa katika majimbo 11, ambayo baadaye yalipunguzwa kuwa 8. Chini ya majimbo ziliwekwa wilaya, na chini ya wilaya wakawekwa machifu wenye mabaraza, mahakama na hazina zao. Mahali pasipokuwa na chifu, alitafutwa au akatengenezwa. Hivyo mipaka ya utawala ilifuatishwa na kile mkoloni alichokiita kabila, na mwananchi akafundishwa kuiona wilaya kama nyumba ya kabila lake. Mzigo huo wa fikra ulidumu kuliko sheria yenyewe.

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mpya ya serikali za mitaa iliyoruhusu kuundwa kwa mabaraza ya wilaya. Lakini ilitaka mabaraza hayo yawe ya mchanganyiko wa rangi, yaani Wazungu na Waasia wachache wapewe viti katika wilaya ambazo karibu wakazi wote walikuwa wakulima Waafrika. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waliukataa mpango huo, wakaandamana kwa wingi hadi Mwanza. Waliandamana katika eneo ambalo TANU ilikuwa imepigwa marufuku tangu mwaka 1954. Serikali ililazimika kurudi nyuma. Wakulima wa Geita hawakuwa wakigombania mstari wa ramani, bali haki ya kusema baraza ni la nani.

Uhuru na Kazi ya Kujenga Upya

Baada ya Uhuru, vyombo vya kikoloni visingeweza kuachwa kama vilivyokuwa. Mwaka 1962 waliteuliwa Wakuu wa Mikoa na Wilaya waliotoka katika Chama kushika nafasi za watawala wa kikoloni. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na mahali pa majimbo ikawapo mikoa 17. Mabaraza ya wilaya yenye madiwani wa kuchaguliwa yakashika nafasi ya mamlaka za wenyeji.

Mabaraza hayo yalipewa kazi kubwa: shule za msingi, zahanati, barabara za wilaya. Hayakupewa uwezo wa kulingana na kazi hizo. Watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, mapato yalikuwa haba, na mengine yalipotea mikononi mwa wasio waaminifu. Mwaka 1969 mabaraza ya vijijini yalinyang'anywa vyanzo vyake vikuu, yaani kodi ya kichwa na ushuru wa mazao, na kazi zake kubwa zikaanza kuhamishiwa Serikali Kuu. Chombo kisicho na fedha hakiwezi kusimama, na baraza lililonyimwa mapato lilihukumiwa kabla halijafutwa.

Madaraka Mikoani

Mwaka 1972 ulianza mfumo wa Madaraka Mikoani. Mwalimu Nyerere alieleza shabaha yake kwa ufasaha: wananchi wasisubiri Dar es Salaam iwaamulie kisima kichimbwe wapi. Tarehe 1 Julai 1972 mabaraza ya wilaya yalivunjwa, na halmashauri za miji zikafuata. Wataalamu wa wizara walipelekwa mikoani na wilayani chini ya Wakurugenzi wa Maendeleo, na zikaundwa Halmashauri za Maendeleo za Wilaya. Muundo wenyewe ulishauriwa na McKinsey, kampuni ya Marekani ya ushauri wa uendeshaji.

Hapa inatupasa kupambanua mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kupeleka watumishi kwa wananchi, na kupeleka madaraka kwa wananchi. Mfumo wa mwaka 1972 ulifanya la kwanza. Madaraka yalitoka wizarani yakatua katika meza ya mkurugenzi. Mkurugenzi huyo aliteuliwa kutoka juu, alipata fedha kutoka juu na aliwajibika juu. Mipango ya vijiji ilipanda wilayani, na huko wataalamu wakaibadili. Urasimu haukupungua, ulihama makazi.

Matokeo yalionekana mapema mijini. Takataka hazikuzolewa, mitaro iliziba, na katika miaka ya mwisho ya 1970 kipindupindu kikazuka. Mwaka 1978 ilibidi halmashauri za miji zirudishwe. Mwaka 1982 zilitungwa sheria za serikali za mitaa za wilaya na za miji, na tarehe 1 Januari 1984 halmashauri zilianza kazi tena. Katika mwaka huo huo Mwalimu alisema hadharani kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ibara za 145 na 146 za Katiba zikaweka msingi kwamba vyombo hivyo vipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Ugatuaji na Mapungufu Yake

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliupunguza mkoa ili uwe mshauri na msimamizi badala ya mtendaji mkuu, na sera ya mwaka 1998 ikatangaza ugatuaji wa madaraka. Lakini upande wa fedha umekwenda njia nyingine. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Ilikuwa kero kwa wanyonge, na haikustahili kutetewa. Lakini halmashauri zikazidi kutegemea ruzuku. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Aliyenacho ndiye aamuaye, na halmashauri inayopokea karibu kila shilingi kutoka juu hutazama juu.

Wakati huo mikoa na wilaya zimeongezeka. Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002. Geita, Simiyu, Katavi na Njombe mwaka 2012. Songwe mwaka 2016. Hatukatai kwamba mama mjamzito aliye mbali na hospitali ya wilaya ana haki ya kusogezewa huduma. Lakini wilaya mpya ni pia ofisi mpya, magari mapya na mishahara mipya. Madai ya kugawa wilaya yakitoka kwa wanaotafuta vyeo, au yakivaa vazi la ukabila aliloliacha Cameron, ni wajibu wa kada kuyapinga.

Kazi Iliyo Mbele

Historia hii inatufundisha kwamba madaraka ya umma hayaletwi na mpaka. Yanaletwa na watu wanaokutana, wanaojua fedha zao na wanaoweza kumwondoa kiongozi asiyefaa. Sheria inaipa kila Halmashauri ya Kijiji wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukae. Basi kada aliye kijijini aanzie hapo: mkutano uitishwe kwa wakati, mapato na matumizi yasomwe mbele ya wote, na maswali yajibiwe bila vitisho. Diwani atokaye katika kijiji cha namna hiyo hatakuwa mhuri wa mkurugenzi. Kabla ya kudai wilaya mpya, tudai kwanza kujua ile iliyopo inatumiaje fedha zetu.