Neno "Nahodha" na Asili Yake

Mwalimu akiulizwa neno NAHODHA limetoka wapi, aghalabu hujibu, "Kwa Waarabu," na kuliacha hapo. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya safari. Waarabu nao walilipata kwa Waajemi, na kwao ni maneno mawili yaliyounganishwa: nav, yaani merikebu, na khuda, yaani bwana. Khuda ndilo jina ambalo Waajemi humwitia Mungu. Hapa lakini maana yake ni bwana mwenye mali tu, kama vile kadkhuda, bwana wa nyumba. Sauti ya dh katika neno letu yaonyesha kwamba lilipita vinywani mwa Waarabu kabla ya kufika pwani, kwa kuwa Waajemi wa leo hulitamka kwa d.

Basi nahodha wa kwanza hakuwa mwendeshaji wa chombo, bali mwenyewe. Wafanya biashara Wayahudi wa karne ya 11 na ya 12, ambao karatasi zao zilihifadhiwa katika sinagogi la Fustat, mjini Cairo, walipomtaja nahodha wa Bahari ya Hindi, mara nyingi walimkusudia tajiri mwenye merikebu. Huyo aliweza kukaa Aden akihesabu faida, wakati wengine wakipambana na mawimbi.

Neno lilienea popote pepo za msimu zilipowafikisha watu. Wamalai nao wanalo, nakhoda. Lakini maana haikutulia. Mara nyingi mwenye chombo alisafiri mwenyewe, akaamuru mabaharia, na jina likashikamana na ile amri, likaachana na mali. Kwetu pwani mwenye chombo ndiye tajiri, na nahodha aweza kuwa mtu wake wa kazi, asiyemiliki hata ubao mmoja.

Jambo hili lamhusu kila afundishaye Matendo ya Mitume, sura ya 27. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 twasoma kwamba akida aliwasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Kwa maana ya kale hao wangekuwa mtu mmoja! Kiyunani kinao wawili: kybernetes, mshika usukani, na naukleros, mwenye merikebu au msimamizi wake. Kwa asili yake, neno nahodha lingemfaa huyu wa pili, nalo limepewa wa kwanza. Sioni kosa kwa wafasiri. Walifuata usemi wa watu wa pwani, wala hawakuandikia Waajemi wa kale. Ila mwalimu asijenge hotuba juu ya "bwana wa merikebu" katika mstari huo, maana anayesemwa ni fundi wa usukani.

Rubani lingekaribia zaidi, kwa kuwa zamani lilikuwa jina la mjuzi wa njia za baharini na milango ya bandari. Lakini mtoto wa leo akilisikia neno hilo hutazama juu, akitafuta ndege.